Hodi Kichwani

Kabla hajagusa kichwa cha mtu yeyote, kinyozi huyu hupiga hodi. Mteja akishakaa kitini, akishafungwa kitambaa shingoni, yeye husimama nyuma yake na mashine mkononi, hukohoa kidogo kama mtu aliyefika mlangoni, kisha husema, "Hodi." Wageni hugeuka kuangalia nani kaingia. Waliokizoea kiti chake hujibu "Karibu" bila kufumbua macho. Usipojibu, haanzi. Yuko fundi viatu, jirani yake wa kibanda cha pili, ambaye hukaa kimya makusudi ili amchokoze.

"Hodi," husema kinyozi.

Kimya.

"Hodi jamani, wenye kichwa."

"Wenyewe wamesafiri," hujibu fundi viatu. "Jaribu mlango wa nyuma."

"Mlango wa nyuma una upara. Nikiingia nitateleza."

Ndipo duka zima hucheka, fundi viatu akakaribisha, na kazi ikaanza.

Tabia hiyo hakurithi. Baba yake alikuwa kinyozi pia, na hakupata kumpigia hodi mtu maishani mwake. Aliajiriwa na shule ya bweni iliyokuwa juu ya kilima, enzi ambazo mkuu wa shule akipita hata kuku walijipanga mstari. Adhabu ya pale ilikuwa kichwa. Umechelewa, kichwa. Umekosa kifungo cha shati, kichwa. Watoto walipangwa uani asubuhi mbele ya wenzao, wavulana kwa wasichana, na baba alisimama na koti lake jeupe akiwapitia mmoja baada ya mwingine. Hakuwahi kuuliza kosa. Kosa lilikuwa kazi ya wengine. Yeye kazi yake ilikuwa nywele.

Asubuhi moja, kwenye mstari ule, alisimama mwanawe mwenyewe, ambaye alikuwa amecheka wakati usio wa kucheka. Baba alimshika kidevu kama alivyoshika videvu vyote, akamwinamisha, akakata. Macho yake yalikuwa utosini tu. Jioni walikula pamoja. Baba akamsogezea bakuli la mboga, akamuuliza kama amemaliza hesabu zake. Habari ya nywele haikutajwa siku ile wala siku nyingine yoyote, mpaka baba alipozikwa.

Mtoto yule akakua, akairithi mashine ya baba yake, ile ya zamani ya kubana kwa vidole, inayolia ka-ka-ka kama panzi. Siku ya kwanza alipofungua duka lake, alijikuta amesimama nyuma ya mteja na mkono umegoma. Akakohoa. Neno likamtoka. Mteja akacheka, akajibu "Karibu," na mkono ukakubali. Hajaacha tangu hapo.

Shule ya kilimani ilikuwa imefungwa siku nyingi, popo wakiwa ndio wanafunzi wake, pale watu wa filamu walipokuja na malori yao. Walizibua madirisha, wakapaka kuta rangi kisha wakaichubua ili ionekane kuukuu, wakatundika kengele. Filamu yenyewe ilihusu shule ya zamani kama ile ile: mkuu wa shule anayependa utaratibu kuliko watu, na watoto wanaojifunza chini yake kufumba midomo, mpaka wakawa watu wazima waliomshangilia mtawala katili wakiwa wameshazoea. Walihitaji mashine ya kubana kwa vidole na mtu anayejua kuibana. Fundi viatu ndiye aliyewaelekeza.

"Nenda ukawe staa," alimwambia kinyozi. "Ila ukirudi usianze kutunyoa huku umevaa miwani ya jua."

Walimchukua, na binti yake pia wakamchukua kuwa mmoja wa wanafunzi. Binti huyo alikuwa na miaka minane, meno ya mbele yameng'oka, ndiyo sababu mtaa mzima ulimwita Pengo. Alikuwa msemaji. Aliweza kusimulia safari ya kwenda kisimani na kurudi ikachukua muda mrefu kuliko safari yenyewe.

Siku za kilimani zilipita kama usingizi wa mchana. Mashine ya moshi ilipumua kutoka pembeni, na ukungu mweupe ukatambaa sakafuni, hivi kwamba watoto wa kaptura za kaki na magauni ya kijivu walionekana kuanzia magotini kwenda juu, wakielea korido nzima bila kukanyaga chini. Nje jua lilikuwa la saa nne, ndani taa zilifanya iwe alfajiri isiyoisha. Kinyozi alivalishwa koti jeupe lililoshonwa kwa kuiga la zamani. Kila alipopita mbele ya kioo cha dirisha, aliona baba yake akipita upande wa pili, ana haraka, hasalimu.

Mwongozaji wa filamu, waliyemwita Mkuu, alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mnywaji wa maji ya moto matupu. Hakupaza sauti hata mara moja. Sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba ulilazimika kumsogelea ili umsikie, na ukishamsogelea ilikuwa vigumu kumkatalia. Aliwachukia madikteta kwa moyo wote. Wakati wa chai aliwaeleza wafanyakazi jinsi watu wanavyoshangaa mtawala katili alitoka wapi, na hawajiulizi waliompokea walitoka wapi. Alisema maneno hayo akilengwalenga na machozi, na hayakuwa machozi ya kuigiza. Akiinua mkono, kila kitu kilinyamaza: mafundi taa, watoto, hata popo.

Mchana mmoja alimwita kinyozi kando, kwenye tangi la maji.

"Kesho tunapiga ile ya kiti cha kunyolewa," alisema. "Binti yako ndiye atakayekaa."

"Ameshaniambia, Mkuu. Nyumbani hatupumui."

"Ameambiwa mashine haitakata."

"Ndiyo."

"Nataka ikate."

Kinyozi alidhani hakusikia vizuri. Akasogea.

"Akijua ataigiza," Mkuu akaendelea taratibu, kama anayemlaza mtoto. "Asipojua, tutaona uso wa kweli. Sekunde chache tu. Watu wataelewa jambo ambalo vitabu vyote vimeshindwa kuwaelewesha. Nywele huota, ndugu yangu. Mama yake nitamwomba radhi mimi mwenyewe baadaye."

Mwanamke mpambaji wa waigizaji alikuwa pale pale kwenye bomba, anasuuza brashi zake. Alisikia yote. Aliinama, akaendelea kusuuza brashi iliyokwisha takata.

Kinyozi alitafuta neno. Lililotoka lilikuwa, "Sawa, Mkuu."

Tulitazame vizuri neno hilo, maana ndilo lililojenga magereza yote. Hakuna aliyemshikia bunduki kinyozi huyu. Angekataa angerudi dukani kwake, kwenye kiti chake na utani wake, bila kukosa kitu. Aliombwa kwa upole na mtu mwenye nia njema, mbele ya mtu mwingine aliyekaa kimya, mahali ambapo wote waliosema chochote walikuwa wamesema sawa. Hilo lilitosha. Watu wakiambiwa kwamba ukatili huja na buti na ving'ora hulala salama, kwa kuwa mitaani kwao hawajasikia king'ora.

Jioni alimkuta mkewe barazani anamsuka Pengo. Nywele za mtoto zilikuwa nene, nyeusi, zinazokataa kulala, na mama alizigawa kwa chanuo mistari mizuri kama matuta ya shamba.

"Baba atakata hewa tu, ka-ka-ka," Pengo alikuwa akieleza, kichwa kimebanwa magotini mwa mama, "halafu mimi nilie."

"Utaweza kulia?" mama akauliza.

"Nitafikiria kitunguu."

"Kitunguu cha kufikiria hakilizi."

"Changu kitaliza. Nitakifikiria kikubwa." Akageuza shingo, akavutwa sikio na kurudishwa. "Baba! Eti si utakata hewa tu?"

Kinyozi alikuwa anavua viatu. Alichukua muda mrefu na kamba.

"Hewa tu," akasema.

"Mbona umenyamaza kama mtu aliyemeza kufuli?" mkewe akamuuliza.

"Nimechoka."

"Umechoka kukata hewa?"

Mama na mtoto wakacheka. Kinyozi akaingia ndani. Alfajiri aliota amekaa kwenye kiti cha kunyolewa, baba yake nyuma, na nywele zake zinakatika na kupanda juu badala ya kuanguka, zinakusanyika darini kama kundi la ndege weusi. Alingoja baba aseme neno. Midomo ya baba ilikuwa imeshonwa kwa uzi mweupe, ule ule wa koti. Akaamka.

Kilimani moshi ulikuwa umekwisha jaa. Kiti kiliwekwa katikati ya ukumbi, mbele yake kioo kirefu chenye madoa, nyuma yake mstari wa watoto. Pengo alipanda kitini akamkonyeza baba yake. Mpambaji akamfunga kitambaa shingoni bila kumtazama. Mkuu akainua mkono, na ukimya ukashuka kama shuka.

Kinyozi akasogea. Hapo hapakuwa na neno lake la kusema. Alitakiwa ashike kidevu, ainamishe, akate. Akanyanyua mashine. Akakohoa. Neno likamtoka lenyewe.

"Hodi."

"Karibu," Pengo akajibu palepale, kama anavyojibu nyumbani kila mwisho wa mwezi akipunguzwa ncha za nywele, "ila vua vi..."

Hakumaliza. Alikuwa ameinua macho akauona uso wa baba yake kwenye kioo.

"Baba."

"Naam."

"Si hewa tu?"

Uongo wa pili haukupatikana.

"Si hewa tu, mwanangu. Niliambiwa jana. Nikasema sawa."

Pengo akazitazama taa. Akawatazama watu wazima waliosimama gizani nyuma ya taa, wengi, wote kimya, na Mkuu na mkono wake uliobaki juu. Akawatazama wenzake kwenye mstari kupitia kioo. Kisha uso wake ukafanya kitu ambacho kinyozi alikitambua bila kuwa amewahi kukiona, kwa kuwa yeye alikuwa amekijua kutokea ndani. Ulizimika. Haukulia wala kukunjamana.

"Basi kata," mtoto akasema, na akainamisha kichwa mwenyewe.

Gizani mtu mmoja alivuta pumzi kwa mshangao. "Hapo hapo," Mkuu akanong'ona. "Msiguse kitu. Kinyozi, endelea."

Kichwa kilikuwa pale, mistari ya mama bado inang'aa mafuta. Hakuna aliyekishika kidevu. Kinyozi akaelewa, akiwa amesimama na koti kama la baba yake, jinsi siku za mzee zilivyopita: vichwa vikiinama vyenyewe asubuhi baada ya asubuhi, na mzee akijiambia kwamba wamekubali. Mtu anaweza kuishi na jambo hilo. Anaweza kwenda nyumbani akala mboga.

Akaweka mashine mfukoni. Akafungua kitambaa shingoni.

"Teremka, mwanangu."

"Nimekosea?" Pengo akauliza.

"Hapana. Teremka."

Mkuu akaja mwenyewe, akipita katikati ya moshi bila kuutikisa. Hakufoka. "Unajua ulichokuwa nacho mkononi?" akauliza kwa sauti yake ndogo. "Miaka yote nimeutafuta uso ule."

"Nimeuona, Mkuu."

"Mimi natengeneza filamu hii ili watoto wasifanyiwe haya."

"Najua."

"Basi?"

Hotuba hakuwa nayo. Angekuwa nayo, pale palikuwa mahali pake, na wapo watu ambao wangeitoa wakashangiliwa. Yeye alitazama sakafu isiyoonekana.

"Huyu hapa tunamfanyia, Mkuu," alisema. "Mimi na wewe."

Mkuu akageuka. Akawaambia watu, "Mapumziko," akaenda kuchukua maji yake ya moto. Radhi hakuomba. Mpambaji alimsaidia kinyozi kuvua koti, akilikunja polepole sana, mkono kwa mkono, kama anakunja nguo ya marehemu. Gari la kuwashusha halikuwapo, kwa hiyo wakateremka kwa miguu.

Hapa ndipo kinyozi alipokosea. Alidhani amemwokoa. Njiani alimnyooshea binti yake mkono, akitarajia vidole vyake, na Pengo akatia mkono wake mfukoni mwa gauni. Alimwambia habari ya moshi, na ya popo. Mtoto akaitikia, "Ndiyo, baba."

Mama alipopata habari aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo jana mimi nilikuwa namsuka, na wewe ukijua utafumua?" Akaingia jikoni, na masufuria yakaanza kusema kwa niaba yake.

Pengo yeye hakugomba. Aliosha vikombe bila kutumwa. Aliamshwa mara moja akaamka. Ukimwita alikuja, ukimtuma alikwenda, ukimuuliza alijibu "Sawa, baba," na safari ya kisimani aliisimulia kwa maneno mawili: "Nimeleta maji." Dukani, alipomletea baba yake chakula, alikiweka juu ya meza, akasubiri mikono nyuma mpaka aambiwe aende.

Majirani walifurahi mno. "Jamani, mtoto amepata adabu!" walisema.

"Ulimpa dawa gani?" fundi viatu akauliza, sindano mdomoni. "Nikuletee na wa kwangu wawili, huenda ukanipunguzia bei."

Wateja wakacheka. Kinyozi alikuwa ameiona adabu hiyo ikipangwa mstari uani. Alijua inavyokua, inavyovaa suti, inavyopiga makofi barabarani msafara ukipita. Sasa ilikuwa imeingia nyumbani kwake, imeosha vikombe, na yeye ndiye aliyeifungulia mlango. Hakujua itatokaje. Alilala akiwaza kwamba binti yake, yule msemaji, alibaki kitini kule kilimani ameinama, na aliyeteremka naye ni mtoto mwingine.

Mchana mmoja, duka lina fundi viatu na mteja mmoja anayesubiri, Pengo alileta chakula. Akasimama mikono nyuma.

"Kaa," kinyozi akamwambia, akimwonyesha kiti cha wateja.

Mtoto akapanda haraka mno. Akainamisha kichwa.

Kinyozi akazunguka mbele, akachuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa. Magoti yakalia.

"Sikuiti kukunyoa. Nataka uniulize unachotaka kuniuliza. Chochote."

"Sina, baba."

"Unacho."

Pengo akatazama mlango, akatazama vidole vyake. Nje mtu akapita anasukuma toroli lenye tairi bovu, likalia, likafifia.

"Kama usingepiga hodi," akasema hatimaye, "ungeninyoa?"

Fundi viatu akaacha kushona. Kulikuwa na majibu mengi mazuri, na yote yangempendeza mtoto, na kila mzazi anayajua.

"Ningekunyoa," kinyozi akasema.

"Zote?"

"Zote."

Kitu kikawaka nyuma ya macho ya mtoto, kwanza kidogo, kama kiberiti chenye unyevu.

"Na ulisema hewa tu!"

"Nilisema."

"Ulisema hewa tu na ulikuwa unajua! Mimi nilimwambia mama hewa tu! Niliwaambia wenzangu wote, baba yangu ndiye kinyozi, msiogope! Niliwaambia!" Sasa alikuwa anapiga kelele, machozi na kamasi pamoja, ngumi zinagonga mikono ya kiti. "Muongo wewe! Muongo mkubwa!"

"We mtoto!" mteja aliyekuwa anasubiri akaruka. "Unamfokea baba yako? Hebu mchape huyo."

"Mwache," kinyozi akasema.

"Yaani anakutukana mbele za watu na wewe..."

"Nimesema mwache. Anasema kweli."

Mama alikuwa amesikia kelele tangu barabarani, akaja na khanga mkononi, mbio, akidhani kuna aliyekatwa na wembe. Aliposimama mlangoni Pengo hakumwona hata kidogo. Alikuwa ameshavuka habari ya kilimani, anafukua na ya zamani: siku baba alipowaonyesha wageni pengo lake wakacheka. Siku alipogawa viatu vyake vyekundu kwa binamu yake bila kumuuliza. Siku alipoahidi kumpeleka mnadani akaenda peke yake, akarudi na ndoo.

"Kumbe ile ndoo," fundi viatu akanong'ona.

"Shh," mama akamwambia.

Watu wawili watatu walikuwa wamejikusanya nje. Mmoja alisema dunia imekwisha, watoto wamekuwa wakubwa wa nyumba. Kinyozi hakugeuka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa kuchuchumaa, jasho linamtiririka, na alikuwa anasikiliza kwa makini mno, kama mtu anayehesabu mapigo ya moyo wa mgonjwa.

Pengo akapumzika, akijifuta pua kwa kiwiko.

"Umemaliza?" mama akauliza kwa upole.

"Bado!"

Kinyozi akavuta kigoda, akakaa.